Soseji Nilizomlisha Mama Mkwe

Nilikosa, na sitafuti wa kunitetea. Nimeomba jina langu lisitajwe, ingawa Wakenya wa huku Minnesota tunajuana hata kwa magari, na wale wa Blaine ninakokaa wakisoma haya watajua ni mimi. Wajue tu. Nimechoka kuyabeba peke yangu.

Nilimlisha mama mkwe wangu nguruwe. Si mara moja kwa bahati mbaya. Nilimlisha majira yote ya baridi, kwa mikono yangu, nikijua, na kila alipoombea chakula nilisema Amina!

Mimi kwetu ni Nakuru, na nyumbani kwa baba yangu nguruwe ilikuwa nyama ya sikukuu. Mume wangu ni Mkisii wa nyumba ya Sabato, nyumba ambayo nyama hiyo haijawahi kupita mlangoni. Tulipooana nilibatizwa kanisani kwao nikaahidi mengi, na hilo likiwemo. Lakini ukishafanya kazi kwenye nyumba ya wazee huko Golden Valley, ukarudi na barabara imejaa theluji, ahadi za chakula ndizo hulegea kwanza. Kuna zile soseji nene mbichi za Kitaliano ambazo supamaketi zote zinauza, zenye kitunguu saumu na vimbegu vya shamari. Zinapikika upesi. Nilikuwa nazinunua, mume wangu anakula, anajifanya hajui kusoma pakiti.

Kisha mama yake akaja.

Alikuja kutulelea watoto baada ya mimi kujifungua wa pili. Mwanamke mrefu, mpole, shemasi kanisani kwao tangu mume wangu akiwa mdogo. Shida yake ilikuwa moja tu, hakula. Blaine kama huendeshi gari wewe ni mfungwa, na yeye alikaa dirishani akiitazama theluji, anakunywa chai na kumega mkate. Kuku wa huku alisema ni kama kutafuna pamba. Nguo zikaanza kumpwaya. Mume wangu akawa ananitazama kana kwamba mimi ndiye ninayemkondesha.

Siku moja mchana nilidhani amelala na mtoto. Nikatoa soseji, nikaziweka kwenye kikaango na maji kidogo, nikafunika. Maji yalipokauka zikaanza kujikaanga kwa mafuta yake zenyewe. Nilikuwa nazikatakata juu ya sukuma wiki nilipogeuka nikamkuta amesimama nyuma yangu.

"Hiyo ni nyama gani inanukia hivyo?" akauliza.

"Ya ng'ombe, Mama."

Lilinitoka tu, sikulipanga. Ningesema ukweli angerudi chumbani kimya, na jioni ningekuwa na kesi ya kujibu. Nilidhani atanusa aende zake. Akavuta kiti, akaomba sahani.

Jamani, alikula! Alimaliza ugali, akaongeza, akaipangusa sahani kwa tonge la mwisho. Akaniambia tangu atoke nyumbani hajawahi kushiba hivyo. Na mimi, badala ya kuogopa, nikafurahi. Nilifurahi kweli, kama mtu aliyefanya jema.

Mume wangu aliporudi na kusikia mama anavyosifu, aliniita gereji akasema nimwambie mapema kabla hajazizoea. Nikamjibu asihangaike, nitanunua za kuku nizibadilishe polepole, hatajua. Na nilizinunua. Mama alionja kipande kimoja akasukuma sahani, akasema hizi siyo zile. Nikaleta za bata mzinga. Hizi pia siyo zile, akasema, na akarudi kwenye chai na mkate. Nilivumilia kidogo, halafu nikarudi kwenye zile zile.

Hapo ndipo kufichaficha kulipoanza. Nilikuwa nafungua pakiti ndani ya gari, palepale kwenye maegesho ya supamaketi, nahamishia soseji kwenye mifuko ya plastiki na kutupa makaratasi kwenye pipa lao. Mikono ilininuka shamari njia nzima. Nikifika nyumbani naingiza mifuko kwenye friza nyuma ya mboga, natabasamu.

Lakini mama hakuwa mtu wa kupikiwa kila siku. Alitaka kufundishwa. Nikamfundisha! Nilimwonyesha kuzipanga kwenye trei ya oveni pamoja na viazi na pilipili hoho, bila mafuta, maana zina yake. Nikamwambia asizitoboe kwa uma zisije zikakauka. Nikamwonyesha kukata moja katikati aone kama bado kuna wekundu ndani, kwa sababu mbichi zingemuumiza tumbo. Hebu nifikirieni. Nilikuwa naogopa asiumwe tumbo.

Baadaye akabuni za kwake. Alipasua ngozi, akaikamua nyama yote, akaikaanga na vitunguu, nyanya na dhania kama nyama ya kusaga, akaifungia ndani ya chapati. Mtoto wangu mkubwa na baba yake walizipigania. Nyumba nzima ikashika harufu ile, mapazia, blanketi za mtoto, mpaka kitambaa cheupe ambacho mama alijifunga kichwani kwenda kanisani. Nilikuwa nakaa kwenye benchi nyuma yake namwangalia, nikidhani kila mwanamke mle ndani anainusa.

Na sala zake! Hakuna siku alikula kabla ya kuinamisha kichwa. "Bwana, bariki mikono ya mkamwana wangu." Nilikuwa nikiitazama mikono yenyewe chini ya meza.

Nilijua itafika siku. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hawakusema jinsi inavyochosha kuitembea ukiwa unauona mwisho wake.

Siku yenyewe ilikuja na Mama Ester, ambalo si jina lake. Ni mwanamke wa kanisa letu, jirani, mkali wa dini, na mumewe ni mzee wa kanisa. Nikiwa kazini alimchukua mama akamtembeze madukani. Niliporudi nilimkuta mama ameketi jikoni na bado amevaa koti. Sikuvua langu pia.

"Leo nimegombana na Mama Ester kwa sababu yako," akasema.

Alinisimulia taratibu. Walikuwa wanapita penye nyama, akaziona soseji nyuma ya kioo, akamwambia mwenzake hizo ndizo mkamwana wangu hunipikia. Mama Ester akasoma, akamwambia hizo ni nguruwe, zote. Mama akamkatalia. Wakabishana mbele ya watu mpaka wakarudi nyumbani hawasemeshani.

"Nimemwambia mkamwana wangu ni nesi, hanunui kitu bila kusoma. Nimemwambia hawezi kunifanyia hivyo," akasema. "Sasa niambie wewe. Nikisikia kwa mdomo wako nitatulia."

Ndugu zangu, huo ulikuwa mlango, umefunguliwa wazi. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananitazama kwa macho ya mtu anayetaka kusaidiwa. Ningesema pale, tukiwa wawili, tungelia, tungeomba, na pengine leo nisingekuwa naandika haya. Kosa la kwanza lilinitoka nikiwa nimechoka. Hili la pili nililichagua.

"Mama, zinafanana tu," nikamwambia. "Zetu ni za ng'ombe. Nazitoa duka lingine, Plymouth, karibu na kazini."

Hata duka nilimpa! Akapumua, akavua koti, akacheka kidogo. Akasema alijua. Kisha akasema kitu kilichonigandisha, kwamba atamwalika Mama Ester na mumewe chakula cha Sabato, azile mwenyewe, na aniombe mimi msamaha mezani.

Nilijaribu kuzuia. Nikasema nina shifti, nikasema mtoto ana mafua. Mama akasema shifti yangu ni Ijumaa, Jumamosi nipo, na mtoto hana kitu. Mume wangu nilipomwambia aliuliza hilo amelianzisha nani, na akatoka kwenda kusafisha theluji ambayo alikuwa ameshaisafisha.

Nikapata mpango. Nitatafuta soseji za Kitaliano za ng'ombe, popote zilipo, nizibadilishe kwenye friza kabla hajapika. Ijumaa nikitoka kazini nilizunguka duka baada ya duka nikazipata. Niliendesha kuelekea Blaine nikiimba. Naapa, niliimba! Nilidhani Mungu amenihurumia.

Mlango wa gereji ulipoinuka harufu ilinikuta kabla sijazima gari. Mama alikuwa amepika mapema ili jua lisizame na Sabato ianze akiwa jikoni. Kila mfuko uliokuwa nyuma ya mboga alikuwa ameutoa. Soseji zote zilikuwa kwenye sufuria kubwa, zimezama ndani ya mchuzi wa nyanya, zinachemka polepole. Akaniomba nionje chumvi. Nikaonja, nikasema imetosha. Mfuko wangu wa soseji za ng'ombe uliachwa kwenye gari ukaganda.

Kesho yake wakaja baada ya ibada. Mzee wa kanisa alikuwa mchangamfu. Mama alipakua mwenyewe, akawapa wageni kwanza, akajiwekea yeye mwisho. Kisha akaomba. Alishukuru kwa safari, kwa wajukuu, kwa marafiki wanaoonyana kwa upendo. Akashukuru kwa kupewa mkamwana asiyesema uongo. Mume wangu alikuwa ameangalia chini. Mama Ester hakugusa uma, alikuwa ananiangalia mimi. Mzee wa kanisa akakata kipande, akakiinua.

"Msile," nikasema. "Ni nguruwe."

Sijui sauti ilitoka wapi. Uma wa mzee ulibaki hewani. Mama hakuangalia sahani, aliniangalia mimi, akauliza kitu kimoja tu.

"Tangu lini?"

"Tangu ile ya kwanza, Mama."

Nilitamani anipige. Nilitamani apige kelele nami nijue pa kuanzia. Aliinuka akachukua sahani za wageni moja moja, akazimwaga kwenye sufuria, akanawa mikono kwa sabuni muda mrefu sana. Aliporudi hakukaa. Aliwaomba radhi wageni wake, akasema amewakaribisha vibaya na kosa ni lake. Kosa ni lake! Mimi nikiwa nimeketi palepale.

Aliyatangaza mwenyewe kanisani, hakumngoja Mama Ester ayatangaze. Alisimama akasema amekula alichoapa kutokula, akaomba aombewe. Jina langu hakulitaja, lakini vichwa viligeuka vyote.

Tangu siku hiyo hakula tena kilichopita mikononi mwangu. Alinunua sufuria yake ndogo, akapika maharagwe yake, akala peke yake baada yetu. Hakuninunia. Alinisalimia, alimbeba mtoto, aliniambia niendeshe polepole barabarani. Nilimwomba msamaha nikipiga magoti, akaniinua, akasema amenisamehe, na nadhani ni kweli. Lakini chai niliyomletea ilipoa mezani. Alirudi Kenya kabla ya wakati, na mtoto wangu mkubwa alimlilia uwanja wa ndege kwa Kiingereza, akiniuliza mimi kwa nini anaenda.

Mwaka jana alipata kiharusi. Tukasafiri sote. Nilimkuta kitandani, upande mmoja umelala, maneno yamekwisha, akili ipo. Wifi yangu alikuwa amechoka kumuuguza, nikamwambia apumzike, hii ndiyo kazi yangu. Na ni kazi yangu kweli. Kila siku nalisha wazee wa watu wengine, wasionijua hata jina, nikigusa kijiko mdomoni wanafungua.

Nikapika uji wa wimbi kwa mikono yangu. Nikaupoza, nikamwinua kwenye mto, nikaleta kijiko mdomoni pake.

Aliniangalia, macho yale yale, hayana hasira. Na mdomo akaufunga.

Nikajaribu tena. Nikambembeleza, nikamwita Mama, nikaonja uji mbele yake aone. Chozi lilimtoka jicho la upande ulio mzima, nami likanitoka, na mdomo haukufunguka. Wifi yangu akaja, akachukua bakuli lile lile na kijiko kile kile kutoka mkononi mwangu. Mama akafungua mdomo.

Basi wewe ambaye leo una mgeni mezani, mama, shemeji, jirani, na amekuuliza hiki ni nini, mwambie. Usimpendeze, usimhurumie, wala usiseme utamwambia akishashiba. Atakasirika, atalala na chai, na kesho atakula maharagwe yako. Mama mkwe wangu tulimzika baada ya wiki chache. Nilikuwa pale siku zote alizougua, nesi wa familia, na hakuna hata kijiko kimoja cha maji alichopokea kwangu.