Lella Mongia na Televisheni Yake ya Barkila

Lella Mongia wa Sfax, mkunga mstaafu, alikuwa amewahi kugombana na mama mkwe wake, na imamu, na daktari wa meno, lakini na Barkila hakugombana hata siku moja. Friji yake ilikuwa Barkila, ikinguruma kama ngamia anayekataa kunyanyuka. Televisheni pia ilikuwa Barkila, na hiyo ndiyo iliyokuwa kipenzi chake. Kila Ramadhani, tamthilia ya baada ya futari ikishapamba moto, picha iligeuka kijani kisha ikatoweka. Hapo Lella Mongia alivua kandambili akaichapa televisheni ubavuni, kwanza kwa upole, kisha kwa hasira, na nyuso zikarudi.

"Shemeji, nunua nyingine," alisihi Beshir, ndugu wa marehemu mumewe, aliyekaa ghorofa ya juu na kumiliki televisheni ya ng'ambo. "Hiyo ni ya kulazwa hospitali. Yangu haizimiki."

"Hata jiwe halizimiki. Kunywa supu yako."

Kiwanda cha Barkila kilikuwa nje kidogo ya mji. "Nusu ya mafundi wa kule nimewapokea kwa mikono hii," alisema. "Wengine walitanguliza miguu, nikahangaika nao mpaka alfajiri. Leo waya umelegea, niwatupe?"

Ramadhani moja kampuni ilitafuta mteja mwaminifu wa kutangaza bidhaa zake. Fundi wao, aliyefika kwa Lella Mongia mara nyingi kuliko binti yake wa kumzaa, akamtaja. Wakaja na taa na kamera, wakiongozwa na msichana wa Tunis aitwaye Ines.

"Mama, sema tu: Barkila haijawahi kuniangusha."

"Haijawahi? Mwanangu, juzi imezima bibi harusi wa tamthilia yuko mlangoni. Mpaka leo sijui kama aliingia."

"Basi sema haiharibiki ovyo."

"Nimefunga, na wewe unataka niseme uongo, tena nimewashiwa taa!"

Ines akashusha pumzi. "Sasa kama inaharibika, unaipendea nini?"

"Marehemu alikuwa anakoroma, na akinuna hanisemeshi wiki nzima. Nilienda dukani kumbadilisha?"

Mpiga picha alicheka mpaka kamera ikatikisika. Tangazo halikurushwa, lakini kampuni, kwa kuona haya, ikamletea televisheni mpya kubwa na kuichukua ile ya zamani.

Jioni ile Lella Mongia aliketi mbele ya hiyo mpya, kandambili mapajani. Tamthilia ikaanza, ikanoga, ikaisha. Kijani hakikuonekana. Kesho yake vilevile. Majirani waliozoea kuja kushangilia kipigo wakaona hakuna jipya, wakabaki kwao.

"Hainihitaji," alimlalamikia binti yake, Rafika, kwenye simu. "Inaonyesha tu, kama karani wa benki."

"Mama, si ndiyo kazi yake?"

"Wewe huelewi."

Siku chache kabla ya Idi, Beshir alikuwa ameshuka kufuturu naye. Katikati ya ugomvi wa mawifi kwenye tamthilia, nyuso zikageuka kijani, kioo kikawa cheusi. Lella Mongia akapiga vigelegele mpaka jirani akafungua dirisha kuuliza nani ameposwa. Akaichapa kandambili ya upole. Kimya. Ya hasira. Kimya. Furaha ikamtoka usoni.

"Imekufa," alinong'ona Beshir, akijitahidi kusikitika. "Twende juu kwangu, shemeji."

"Sitoki hapa." Akampigia fundi simu.

"Hizi mpya hazitaki kandambili, Lella," fundi alisema huku akitafuna. "Chomoa waya, subiri kidogo, chomeka."

Akachomoa, akachomeka. Mawifi wakarejea, wazima, bado wanagombana. Lella Mongia alisimama akiwatazama, mkono kiunoni, kama mama aliyemwona mwanawe akitembea bila kushikwa. Mwanzoni ilimuuma. Kisha akainua kidevu.

"Umeona, shemeji? Imepona. Yako inaweza hivyo?"

"Yangu haijawahi kuugua! Itapona nini?"

"Ndiyo maana haina akili," alisema Lella Mongia, akammiminia chai.