Zaituni, Mshona Viti vya Magari ya Kale

Mke wangu Zaituni alifariki mwezi wa pili. Tulimzika makaburi ya Evere, huku Brussels. Mimi sikusoma, lakini jamaa wameomba niandike habari zake. Basi.

Alizaliwa Buyenzi, Bujumbura. Alishona magodoro ya sufi tangu usichana. Vita vikatuleta Brussels. Kwanza alisafisha ofisi, halafu karakana moja huku Koekelberg ikamchukua ashone viti vya magari ya spoti ya kale. Na mimi wakanichukua, nikakata ngozi na kukaza springi. Kushona ni yeye.

Viti vile alivijua kuliko wenye magari. Vya zamani mgongo unaishia mabegani, kichwa kinabaki hewani. Karibu na mwaka wa sabini Wamarekani wakatoa sheria, gari jipya liwe na mto wa kichwa. Watu wa Ulaya waliotaka kuuza kule wakafuata.

"Wazungu walipenda mwendo kabla ya kupenda shingo zao," alikuwa akisema.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa gari la Jérôme, nesi, Mkongo. La mwaka sitini na saba, halina mto. Alitaka mmoja tu, wa dereva. Kiti cha pembeni hana wa kumkalisha. Zaituni aliumaliza huku anakohoa.

Baada ya arobaini Jérôme akaja.

"Pole sana, papa Nassoro. Bon, hii muto iko chini. Inanigusa mu shingo. Maman alipima nani?"

Nikaingia garini, nikakaa kiti cha dereva. Kichwa changu kikalala sawasawa.

Wateja huacha gari wakaenda zao. Aliyekuwepo siku zote ni mimi.

"Alinipima mimi," nikasema. "Miaka yote."

"Donc nilinunua kiti ya papa! Na mimi murefu kama mulingoti ya umeme!" Akacheka, halafu akaniona uso. "Acha tu, papa. Nitabaki nayo vile."

Nilitaka kukubali. Vyuma vinavyoushika mto viko ndani yake, huwezi kuvirefusha bila kufumua. Na ule ndio mshono wake wa mwisho.

Lakini gari likigongwa nyuma, mto ukiwa chini, kichwa kinaupita. Shingo inavunjika. Zaituni asingeuacha.

"Kaa," nikamwambia.

"Papa, kweli, si lazima."

"Kaa wima. Usikaze shingo."

Nikapima. Nikafumua. Alishona karibu karibu, kwa mkono, nyuzi nyingine nikazikata kwa wembe. Ndani, mbali na vyuma, hamkuwa na kitu. Manyoya ya farasi tu, yameshindiliwa vizuri.

Nikavirefusha vyuma. Kuufunga nilitumia siku mbili. Mshono wangu ukapinda pembeni.

"Haionekane, papa," Jérôme akasema.

Unaonekana.