Mama Safu na Kesi ya Moja

Kiwandani walimwita Mama Safu, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Kwa miaka ishirini na miwili alisimama kwenye meza ndefu ya chumba cha kufungashia, akipanga vipande vya sabuni katika maboksi, na safu iliyopinda hakuivumilia hata siku moja. Ukimtajia idadi, alikujibu palepale: kumi na viwili vinakaa safu mbili za sita au tatu za nne, chagua mwenyewe. Kumi na vitano, tatu za tano. Lakini ukimtajia kumi na vitatu alikunja uso. Hivyo havipangiki ila katika safu moja ndefu, na boksi la namna hiyo hukatika kiunoni kabla halijafika kwenye lori. Namba kama hizo, saba, kumi na moja, kumi na tatu, aliziita wakaidi.

Shule aliiacha darasa la tano, wala si kwa uvivu. Baba yake alikuwa fundi wa reli, akahamishwa mara nne katika miaka mitano, na katika uhamisho wa mwisho hakuna aliyekumbuka kumwandikisha. Akaolewa, akazaa binti mmoja, akaingia kiwandani, siku zikaenda. Alipokaribia miaka hamsini likatoka tangazo kwamba msimamizi wa chumba lazima awe na cheti cha elimu ya msingi. Kazi ya usimamizi alikuwa akiifanya tayari, kilichokosekana ni cheo. Akajiandikisha darasa la watu wazima lililokutana Jumamosi asubuhi katika bwalo la chakula.

Mwalimu alikuwa msichana mwembamba aliyemaliza chuo mwaka uleule. Siku alipoandika ubaoni "namba tasa", wanawake wa meza ya nyuma walikohoa, maana tasa ni neno la kumsengenyea mtu. Mwalimu akajifanya hakusikia. Namba tasa, alisema, ni ile inayogawanyika kwa moja na kwa yenyewe tu. Nyingine zote zaweza kuvunjwavunjwa mpaka zibaki tasa tupu. Mama Safu akatabasamu. Kumbe wakaidi wake walikuwa na jina rasmi.

Somo lile halikubaki daftarini. Pale kiwandani palikuwa na ugomvi wa siku nyingi. Zamu ya asubuhi iliandika "2 kwa 6" ubavuni mwa boksi la vipande kumi na viwili, zamu ya mchana ikaandika "3 kwa 4", na mtunza bohari, mtu mzito wa kuelewa na mwepesi wa kulalamika, akayahifadhi kama bidhaa mbili. Kuandika 12 peke yake haikuwezekana, kwa kuwa namba ya peke yake ilionyesha aina ya sabuni. Jumatatu Mama Safu akatoa amri: kila idadi ivunjwe mpaka mwisho, iandikwe kuanzia namba ndogo. Anayeanza na mbili kwa sita na anayeanza na tatu kwa nne watafika mahali pamoja: 2-2-3. Akabandika ukutani karatasi ya wakaidi wa kuvunjia: 1, 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19.

Jumamosi iliyofuata wakapewa jaribio: andika namba tasa zote zilizo chini ya ishirini. Akaandika zilezile za ukutani. Daftari likarudi na mkwaju mwekundu juu ya moja.

Akasimama. "Mwalimu, samahani. Hii moja imekosa nini?"

"Moja si tasa, mama."

"Ulituambia tasa hugawanyika kwa moja na kwa yenyewe. Moja ukiigawa kwa moja ni ngapi?"

"Moja."

"Na ukiigawa kwa yenyewe?"

"Moja."

"Basi imetimiza."

Bwalo likacheka. Mwalimu akasugua vidole vilivyojaa chaki. "Zinatakiwa ziwe namba mbili tofauti, mama. Kwa moja, hiyo moja na hiyo yenyewe ni kitu kilekile."

"Hilo hukulisema."

"Sasa nimelisema."

"Na kwa nini lazima ziwe mbili?"

Msichana akatazama ubao kana kwamba jibu limeandikwa huko. "Sijui," akasema mwishowe. "Ndivyo nilivyofundishwa. Nipe wiki moja niulize."

Mama Safu akakaa. Hakukasirika, ila hakuona kuwa amejibiwa. Karatasi ya ukutani akaiacha kama ilivyo.

Nyumbani, mama mkwe wake, aliyekaa nao tangu alipofiwa na mumewe, alilikuta daftari mezani, akavaa miwani. Kikongwe huyo alizaa tisa, na kwa miaka mingi alikuwa na msemo wake: mwenye mmoja kama hana. Akasoma mstari wa kwanza, mkwaju mwekundu asiujali, akaguna.

"Moja, tasa. Hata vitabuni wameniunga mkono."

"Hiyo ni hesabu, mama."

"Kwani mimi nimefanya nini? Nimehesabu."

Mama Safu hakujibu. Alikuwa na miaka ishirini na mitano ya kutojibu. Lakini usiku alipojinyoosha kitandani aligundua kwamba sasa anatamani mwalimu awe sahihi, moja itoke kwenye orodha, na jambo hilo likamuudhi kuliko lile neno. Boksi halishiki kwa sababu umelipenda. Kama moja ni tasa, ni tasa, hata kikongwe akichekelea. Asubuhi alipita mbele ya karatasi na hakuigusa.

Jumatano lori likaja kuchukua maboksi mia mbili. Saa nzima ikapita, dereva akaanza kupiga honi. Mama Safu akaenda bohari.

"2-2-3 imekwisha," akasema mtunza bohari.

"Imekwisha vipi, na rundo lote hilo nyuma yako?"

"Yale ni 1-2-2-3. Bidhaa nyingine hiyo. Na yale ya pembeni ni 1-1-2-2-3. Sijaletewa maelezo yake."

Maandishi yalikuwa ya mfungashaji wa zamu ya mchana, baba wa makamo mwenye kufuata kilichoandikwa kama kiapo. Akaitwa.

"Moja imetoka wapi?"

"Kwenye karatasi yako, mama. Ulisema tuvunje kwa hizo. Ya kwanza ni moja. Nikagawa kwa moja, ikabaki kumi na mbili. Nikaona bado inagawanyika kwa moja, nikagawa tena."

"Ukaachia wapi?"

"Niliona nafasi inakwisha."

Mtunza bohari akacheka peke yake. Mama Safu alikuwa akitazama lile rundo. Kumi na mbili ukiigawa kwa mbili inapungua, na kuna siku kazi itaisha. Moja haipunguzi kitu. Unaweza kuiandika mpaka kalamu ikauke, na sabuni ni zilezile, ila kila boksi lina jina jipya. Akiiruhusu kwenye orodha, hakuna zamu mbili zitakazokubaliana. Akarudi chumbani, akakata moja kwa kalamu nzito, kisha wakashinda wakifuta mamoja kwenye maboksi huku dereva akinung'unika.

Jumamosi mwalimu alifika na karatasi iliyokunjwa. Alimwuliza mhadhiri wake wa zamani. "Ni ili kila namba ivunjike kwa njia moja tu, mama. Tukiihesabu moja, njia hazina mwisho."

"Najua. Nimekutana nayo Jumatano." Akapewa chaki, akaeleza habari ya lori, na safari hii wanawake wa nyuma walisikiliza.

"Alama siwezi kuirudisha," mwalimu akasema.

"Sikuiomba, mwanangu."

Jioni, akimmiminia mama mkwe chai, alisema, "Moja si tasa, mama. Tumehakikisha."

Kikongwe akapuliza kikombe. "Ni nini basi?"

"Si tasa, wala si ya kuvunjika. Ina fungu lake peke yake."

"Upweke huo."

"Huenda," akasema Mama Safu, akampa sukari.

Mtihani aliufaulu, na cheo kikafuata miezi mitatu baadaye. Mtindo wa 2-2-3 ulidumu karibu miaka miwili, mpaka ilipoletwa mashine ya kubandika lebo zenye mistari myeusi, na yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wengine kuitumia. Jumamosi aliendelea kwenda bwaloni, hatua ya pili. Huko walianza na sehemu, nusu na theluthi na robo, nazo zilimsumbua sana.