Nilivyong'arisha Kiko cha Baba Kadzo

Mzee Kahindi, babake Kadzo ninayetaka kumuoa, alikuja kwetu Mnarani kututembelea. Alipoondoka, kiko chake cha zamani cha mti kilibaki juu ya mkeka. Mtu mwingine angempigia simu. Mimi nina digrii na sina kazi, kwa hiyo muda wa kuwaza ninao. Niliwaza hadi nikaamini kwamba mzee amekiacha makusudi, aone mkwe wake mtarajiwa atakitunza vipi.

Nikakwangua masizi yote ya ndani. Pale pa kushikia kwa meno palikuwa na mashimo mawili mabaya. Nikayaziba kwa gundi na unga wa mbao, nikapiga msasa, kisha vanishi. Kikang'aa kama kiatu cha harusi.

Jumapili nikakipeleka Tezo, nyumbani kwa mzee, nikamkabidhi mbele ya ndugu zake wote.

"Shikamoo, baba. Nadhani nimefaulu."

"Marahaba. Umefaulu nini?" Akakigeuzageuza, kidole kikipapasa ncha yake. "Meno ya marehemu baba yangu yako wapi? Yalikuwa hapa."

Nikaeleza habari ya mtihani. Mamake Kadzo akacheka mpaka akashika ukuta. "Mwanangu, alikisahau tu. Hata miwani yake iko kwa kinyozi."

Mzee hakucheka. Akanirudishia kiko.

"Uma hapo," akasema. "Kwa nguvu. Tutaanza upya na meno yako."

Nikauma, ukoo mzima ukinitazama. Vanishi ilikuwa chungu ajabu, lakini sikuachia.