Wafugaji wa Butali Hawamo

Nilipomaliza masomo yangu ya jioni niliamini hakuna kompyuta magharibi yote ya Kenya ambayo ingenisikia nikikohoa isitetemeke. Nikapata kibarua katika kiofisi cha chanjo ya kuku mjini Kakamega, wakaniita profesa, nami nikaitika. Kazi yenyewe niliiona ya kitoto: kuunganisha majedwali mawili. Moja lilikuwa na wafugaji na soko lililo karibu nao. La pili lilikuwa na masoko na mchanjaji anayekwenda kila soko. Jina la soko likilingana huku na huku, mstari unatoka: mfugaji fulani, mchanjaji fulani.

Asubuhi ile kideri kilikuwa kimeshaanza kuua kuku. Visanduku vya chanjo vilikuwa garini, na barafu haina subira. Nikachapisha orodha, nikamkabidhi dereva kwa madaha.

Akaisoma yote. Akarudia.

"Profesa, kwani sisi watu wa Butari hatufuganga ingokho?"

"Kuku mnafuga, mzee wangu."

"Sasa tuko wapi hapa? Mama yangu yuko na kuku wanakohoa tangu Jumapili!"

Jasho lililonitoka lingetosha kumwagilia shamba la miwa. Mfugaji hata mmoja wa Butali hakuwemo. Na mashine haikulalamika! Ingepiga kelele ningejua. Ilinyamaza tu, ikawaacha nje.

Daktari wetu wa mifugo, mama asiyepandisha sauti, akatazama saa. "Dakika kumi, profesa. Halafu gari inaenda na hiyo orodha iliyoko."

Nikabadilisha swali ninaloiuliza mashine: safari hii lete wafugaji wote, hata asiye na mchanjaji. Wakatokea watu wa Butali, msururu mzima, na pale pa mchanjaji kila mmoja ana pengo. Nikafungua jedwali la pili. Mwenzangu aliyelichapa aliandika vile anavyotamka: Butari. Kwa masikio yetu ni soko moja. Kwa mashine ni nchi mbili zisizopakana.

Nikasahihisha, nikachapisha upya. "Soma tena, mzee," nikasema, sauti ikinitoka kama ya kifaranga.

Akateremsha kidole polepole hadi jina la mamake. "Huyu hapa. Twende!"

Gari likaondoka. Mimi nikarudi kwenye yale majedwali, nikaanza kusoma soko moja moja, huku na huku, maana masoko mengine hayakuwa na dereva wa kuyaulizia.