Nyonga ya Dada na Sailensa ya Pikapu

Dada yangu Mwajuma aliteleza kisimani akavunjika nyonga, na daktari akasema aletwe Kitete, hospitali ya mkoa, Jumatatu asubuhi apasuliwe. Kwake ni mbele ya Nzega, ukishika njia ya Igunga. Kwenye basi hawezi kukaa, bodaboda ndiyo kabisa usiseme. Anaweza kulala tu. Kwa hiyo Jumapili, baada ya swala ya alfajiri, mimi na mume wangu tukatupa godoro nyuma ya pikapu letu, tukasoma dua, tukatoka kwetu Cheyo, Tabora mjini, kwenda kumchukua. Nayaandika haya kwa ajili yenu ndugu na majirani mlioniuliza ilikuwaje. Kuandika nimejifunzia ukubwani, madarasa ya jioni, mtanivumilia.

Pikapu lenyewe mnalijua, lile la bluu, la kabureta, kubwa kiumri kuliko Rehema wangu. Dereva ni mimi, maana Baba Rehema ana mtoto wa jicho, haoni zaidi ya boneti. Masikio Mungu kamwachia, na mdomo pia.

"Mama Rehema, weka gia ya tatu."

"Nimeshaweka."

"Mbona sijasikia?"

"Utasikiaje, na gari linalia kama mashine ya kusaga?"

Alijua nasema nini.

Tulipofika Isikizya jua lilikuwa limeshachomoza vizuri, na mshale wa joto unapanda. Hapo niwaeleze jambo moja. Ule mngurumo wa gari likiwa limesimama, mguu umeutoa kwenye mafuta, mafundi wanauita sailensa. Ya gari letu iko juu mno, na aliyeipandisha ni Baba Rehema. Mtaani kwetu pikapu hili ndilo linalobeba jeneza. Kuna mwaka lilizima getini pa makaburi, marehemu yuko juu, na kabla hatujaliwasha watu wakaanza kunong'ona kwamba marehemu ana neno hajalisema, ndiyo maana amekataa kwenda. Mjane alisikia. Baba Rehema aliumia siku ile kama vile kafiwa yeye. Tangu hapo, kila wakija kuliomba gari kwa mazishi, anafungua boneti kwanza, anapapasa sukurubu ya sailensa, anaikaza kidogo. Lisizime tena na maiti ya mtu. Wa kuilegeza baadaye hakuna.

Karibu na Puge kuna kimlima ambacho ukikiona hata huwezi kukiita mlima. Gari likakikataa. Nikashuka gia mpaka ya kwanza, maji yakachemka, tukasimama. Nikazima ufunguo, injini ikaendelea kujikohoza yenyewe ndipo ikatulia. Njia hii ndiyo wapagazi wetu wa Kinyamwezi waliipita na mizigo mabegani. Wao walipumzika walipotaka. Sisi tulipumzika gari lilipotaka.

Mbele ya Nzega, adhuhuri, tukaingia uani kwa dada. Amekonda. Nilimshika mkono nikasema, "Shikamoo dada," akaitikia, "Marahaba mdogo wangu, mbona umechelewa, nilitaka nikupikie," na hata kugeuka hawezi. Tuliswali, tukala ugali na mlenda wa majirani, tukaona tuondoke jioni ile ile tulale mjini. Watu wanne wakambeba na shuka, wakamlaza kwenye godoro. Nikawasha. Nikaachia klachi taratibu kwa uwezo wangu wote. Lakini gari lenye sailensa ya juu halijui taratibu: likaruka mbele kama ng'ombe aliyechapwa.

Dada alipiga kelele ambayo bado naisikia.

Nikazima. Nikashuka, nikamwambia mume wangu, "Hivi hatutafika naye. Kila tukisimama na kuondoka tutamvunja upya." Yeye akasema tumuwekee mito. Nikamwambia mito hapana. Ni sukurubu. Akanuna.

Jirani yao mmoja, Masanja, mkulima wa pamba anayetengeneza pia matrekta, alikuwa mmoja wa wale wanne. "Mwadila mayu," akaniamkia upya kwa Kisukuma chake, kwa heshima, halafu akaniambia niwashe, akainama kusikiliza. "Nikiishusha sasa hivi litazima."

"Si nilisema!" Baba Rehema akadakia.

"Litazima kwa sababu moto wa plagi unachelewa, mzee. Taimingi. Nani aliiweka?"

Fundi wa Tabora, tukamwambia, na aliweka kwa taa kabisa, alama ikakaa sawa.

"Sailensa ikiwa juu hivi?"

"Juu hivi."

Masanja akacheka, si kwa dharau. Akatueleza kwamba injini ikizunguka kwa kasi, distribyuta, ile inayogawa moto kwenye plagi, inajiwahisha yenyewe. Kwa hiyo fundi aliiona alama sawa wakati si sawa. Ukishusha mzunguko, moto unabaki nyuma, gari linatetemeka, linazima. Mwenye gari anaogopa, anakaza sukurubu tena. "Dawa mliyokuwa mnalinywesha gari," akasema, "ndiyo iliyokuwa inaliumiza."

Akaleta taa yake ya taimingi. Kwenye jua mwanga wake hauonekani, nikavua kanga ya juu nifunike.

"Mama! Kanga na feni havipatani. Leta mkeka," Masanja akanizuia.

Wale wabebaji wakaushika mkeka juu ya boneti, pakawa na kiza. Nikafuta puli, lile gurudumu la mkanda mbele ya injini, nikapaka alama yake chokaa. Masanja akachomoa kile kimpira cha upepo cha distribyuta, akakiziba kwa kijiti, distribyuta isijiwahishe tukiwa tunapima. Halafu kazi ikawa hivi: mimi naangalia alama, maana macho yangu ni mazuri, Masanja anazungusha distribyuta kidogo, na Baba Rehema, nilimwomba mwenyewe, analegeza sukurubu. Nani mwingine angeijua kwa kupapasa?

"Robo mzunguko," anasema Masanja.

Baba Rehema analegeza, injini inatetemeka. "Litazima!"

"Ngoja." Anazungusha distribyuta, injini inapata nguvu. "Haya, robo tena."

Mara ya tatu mkono wa mume wangu ulipitiliza. Gari likazima. Baba Rehema akasimama wima pale pale, na maneno yakamtoka yenyewe: "Inna lillahi..."

Kutoka nyuma kwenye godoro sauti ya dada ikaja: "Shemeji! Mimi sijafa bado! Washa gari!"

Jamani, tulicheka. Mkeka ukaanguka. Dada mwenyewe anacheka huku analia, maana kucheka kunamuuma. Baba Rehema ndiye aliyecheka wa mwisho na akawa wa mwisho kuacha. Baada ya hapo mkono wake haukupitiliza tena. Tuliendelea, robo kwa robo, mpaka alama ya chokaa ikakaa penye mshale wa injini na mngurumo ukawa mdogo, wa kuongelea juu yake bila kupaza sauti. Masanja akakaza bolti, akaangalia tena, akarudisha kimpira. Maghrib ikatukuta tunanawa grisi, tukalala huko huko kwa dada.

Jumatatu, baada ya alfajiri, nikaachia klachi na dada hakusema kitu. Karibu na Puge kundi la ng'ombe likaziba barabara, mchungaji hana haraka yoyote. Tukasimama. Mume wangu aliweka kiganja juu ya dashibodi.

"Linawaka?"

"Linawaka."

"Husemi tu kunifurahisha?"

"Wallahi linawaka, Baba Rehema."

Hakuondoa kiganja mpaka ng'ombe wa mwisho alipopita. Kile kimlima tulikipanda kwa gia ya tatu.

Kitete tulifika mapema. Wauguzi wakaja na kitanda cha magurudumu, nikapanda nyuma kumwamsha. Tangu aanguke alikuwa halali, anasinzia tu kwa maumivu. Akafumbua macho akaniangalia. "Tunaondoka saa ngapi?"

"Dada, tumefika."

Alipasuliwa siku ile ile, alhamdulillahi. Tulipokuwa tunasubiri nje, mume wangu akaniambia polepole kwamba miaka yote hii alidhani anawasitiri wafiwa. Nikamwambia aliwasitiri kweli. Kosa ni kwamba alipambana na woga ule peke yake, gizani, kwa mkono mmoja. Hilo ndilo nililorudi nalo nyumbani: mwenzako akiwa na hofu, kumzomea hakusaidii. Simama naye, mwache alegeze mwenyewe, robo kwa robo, na likizima, liwasheni pamoja.