Mbili kwa Kumi

Kuna video yangu moja nilifuta kitambo, lakini kuna nyumba huko ndani ya Kajiado ambamo mpaka leo inachezwa.

Wageni wakifika, wanaonyeshwa. Majirani wakipita, wanaonyeshwa. Mimi ndiye niko kwa hiyo video, na sina ruhusa ya kuiondoa.

Ngoja niwaambie vile ilienda. Mkimaliza kusoma mnitukane, sitajibu.

Naitwa Nyakio. Niko mwaka wa pili, nasomea utalii na mambo ya hoteli kwa koleji moja hapa Kitengela. Ndio, utalii. Kazi ya kupokea wageni. Mtaona mbona hapo panauma.

Nilikuwa nakaa bedsita, chumba kimoja tu, huko Noonkopir na rafiki yangu Nailantei. Yeye ni msichana mpole, haongei sana, lakini akicheka unacheka hata kama hujui ni nini. Nikiwa mgonjwa ndiye alikuwa ananipikia uji. Nguo zetu zilikuwa kwa sanduku moja.

Wikendi zangu zilikuwa na kazi moja tu: kutembea na kula. Niliifungulia ukurasa, nikauita Nyakio Anaonja. Naenda mahali, naonja chakula cha hapo, nakipa alama kwa kumi. Nailantei ndiye alikuwa anashika simu.

Mutura ya Noonkopir, ile soseji ya matumbo ya pale karibu na steji, niliipatia tisa. Chapo na matumbo ya mama mmoja wa Gataka, nane, na hizo mbili zilitoka kwa sababu chapo zilikuwa baridi. Kuna pilau nilikula kwa hoteli moja ya barabara ya Namanga, nikaipatia tatu, mwenyewe akanipigia simu akinibembeleza nitoe.

Sasa sikiliza ubaya wangu ulianzia wapi. Nikisifu chakula, wananitazama watu mia tatu, na nusu yao ni watu wa darasa letu. Nikiponda, elfu kumi.

Nikaanza kuingia mahali nikitafuta cha kuponda.

Mwezi wa nane, Nailantei akaniambia mamake anataka kuniona. Alikuwa amemwambia kuna msichana wanaishi naye kama dada. Mama akasema huyo dada aletwe nyumbani, apewe maziwa.

Mimi nilisikia nyumbani kwa Wamasai, ng'ombe, kibuyu, nikaona video tu. Hata sikuuliza mama anapenda kuletewa nini. Nilichaji simu, nikabeba na ile taa ndogo ya kujipiga picha.

Tulishuka Kajiado mjini Jumamosi mapema, tukachukua boda mpaka mwisho wa barabara, halafu tukatembea. Kwa njia Nailantei akanifundisha vitu viwili. Kwanza, nikimkuta mama nisinyooshe mkono. Niinamishe kichwa, yeye ataniwekea mkono juu. Pili, nikipewa kitu nishike na mikono miwili.

Nikasema sawa sawa, nimeshika.

Tukafika. Mama akatoka akitabasamu mpaka macho yakapotea. Na mimi, kwa ujanja wangu wa Kitengela, nikamnyooshea ngumi ya gota, tugonganishe kama vijana wa mtaani.

Mama hakujua hiyo ni nini. Akaishika ngumi yangu na mikono yake yote miwili, kama mtu amepewa yai. Nailantei akaangalia kando.

Kiswahili cha mama kilikuwa cha soko tu: kuja, leta, ngapi, kunywa. Hayo mengine Nailantei alikuwa anatafsiri. Tukaketi. Watoto watatu wadogo wa nyumba hiyo wakaja wakasimama mlangoni, kimya, wakitutolea macho.

Mama akaenda kwa kona, akashusha kibuyu kirefu chenye shanga. Akakitikisa polepole, akafungua, akanimiminia kikombe kikubwa cha bati mpaka juu. Maziwa ya mgando, mazito. Na ndani yake kulikuwa na vidoa vyeusi.

Nikaangalia vile vidoa. Nikasikia harufu ya moshi. Mama alikuwa ananingoja ninywe, amekunja mikono kifuani.

Nikaweka midomo, nikajifanya nimemeza.

"Sidai?" akaniuliza.

Hiyo nilikuwa naijua. Ni kuuliza kama ni nzuri.

"Sidai," nikasema.

Halafu nikasema wacha ninywee nje, nje kuna mwanga. Nikatoka na kikombe na simu. Nailantei alibaki ndani akimsaidia mama kuwasha moto wa chai.

Nikajipiga video mwenyewe. Bado naijua neno kwa neno, juu nimeisikia mara nyingi kuliko mtu yeyote.

"Wasee wangu, leo niko ndani ya Kajiado, na nimepewa maziwa ya makaa. Cheki hii kitu. Haya ni maziwa ama ni oili imetolewa kwa lori? Mbili kwa kumi, na hizo mbili ni za kikombe."

Nikainua vidole viwili. Nyuma yangu, kwa mlango, mama alikuwa amesimama akinipungia mkono kwa ile simu.

Akarudi ndani. Nikaangalia huku na huku. Kulikuwa na mbwa wao mmoja wa kahawia, wanamwita Kamanda, amelala chini ya ukuta. Nikammwagia kikombe chote. Akayalamba mpaka mchanga ukabaki safi.

Tukinywa chai, mama alikuwa ananijazia mara mbili mbili. Wakati wa kuondoka akanishika kichwa, akanitemea mate kidogo kwa paji la uso. Nailantei akaniambia hiyo ni baraka, hupewa mtoto wa nyumba. Tulipopita kichaka cha kwanza nikatoa tishu nikapanguza. Nailantei aliona.

Video niliiweka Jumapili. Kufika Jumatatu saa nne, watu elfu themanini. Sijawahi kuona namba kama hiyo. Darasani watu walikuwa wananipita wakiinua vidole viwili, "mbili kwa kumi", na mimi najibu kwa furaha kama mtu amechaguliwa mjumbe.

Nailantei hakuinua vidole. Alikuwa anaamka, anaoga, anaenda darasani, anarudi, anaangalia ukuta. Nikajiambia ana stress za mtihani. Nilikuwa najua si mtihani.

Alhamisi jioni nilikuwa natengeneza chai. Nikamuuliza kama akiba ya maziwa imebaki. Akasema yeye atakunywa strungi. Nikamuuliza tangu lini anakunywa chai bila maziwa.

Hapo ndipo alifungua mdomo. Na alivyo mpole, hakupandisha hata sauti.

"Watoto nyumbani walikunywa strungi siku sita," akasema. "Tulibaki na ng'ombe mmoja wa kukamua, ukame ulimaliza wengine. Kila jioni mama alikuwa anaweka maziwa yote kwa kibuyu, anawaambia ni ya dada yenu wa Kitengela. Uliwakuta wamesimama mlangoni. Ulidhani wanaangalia simu yako?"

Nilikuwa nimedhani hivyo kabisa.

Akaniambia na kuhusu ule weusi. Kuna mti mama huutembelea mbali, anachoma kijiti chake, anasugua kibuyu ndani na yale makaa, ndio maziwa yasiharibike na yapate harufu. Kibuyu cha kila siku husuguliwa na kijiti cha karibu tu. Hiyo ya mbali ni ya mgeni.

Jamani, niliaibika. Si ile aibu ya kuanguka mbele ya watu, unacheka unaendelea. Nilizima moto, chai ikabaki hapo, hakuna aliyeinywa.

Nikafuta video usiku huo huo. Nikamwambia, nimeitoa, nisamehe. Akasema asante, kwa ile sauti ya mtu amerudishiwa kiberiti.

Nikamwambia nataka kwenda kwa mama, niinamishe kichwa, niseme ukweli. Alikataa wiki mbili. Ya tatu akachoka na mimi, akasema twende.

Nilibeba sukari na majani ya chai. Maziwa ya pakiti niliyashika kwa duka nikayarudisha. Niliona yatakuwa matusi mengine.

Tulikuta mama ana wageni, wazee wa kike watatu wa karibu hapo. Ezra, kakake Nailantei, alikuwa ameketi kando akinoa kisu. Ezra anajua Kiswahili kunishinda. Alinisalimia na kidevu tu.

Nikamwendea mama, nikainama mpaka shingo ikauma. Akaniwekea mkono kichwani. Mkono wake ulikuwa mzito, wa moto, na nikatamani auache hapo.

Halafu mama akamwambia Ezra kitu kwa Kimaasai. Ezra akatoa simu, uso umefunga. Wale wageni wakasogea.

Ikaanza. Sauti yangu. Wasee wangu, leo niko ndani ya Kajiado.

Nikamwangalia Nailantei, akaninong'onezea haraka. Kumbe jirani alikuwa ameiona kabla sijaifuta, akamwambia mama kwamba yuko kwa simu za watu. Mama akasisitiza aione. Ezra akaihifadhi. Mama akauliza msichana anasema nini, na hivyo vidole viwili ni vya nini.

Ikabidi Nailantei amwambie kitu kwa simu siku hiyo.

"Nilimwambia unasema maziwa kama haya hupokewa na mikono miwili," akasema. "Ndio maana ya mbili."

Kwa video nilikuwa nimefika hapo. Mbili kwa kumi. Na wale wazee wa kike, wote watatu, wakanyoosha mikono yao miwili mbele, wakicheka kwa furaha, na mama katikati yao amenyoosha yake. Walikuwa wamefanya hivyo mara nyingi, ilionekana. Ezra aliangalia kisu chake.

Sikuweza kuvumilia. Nikapiga magoti pale chini, nikaanza kusema yote. Kwamba mama, sikusema hivyo. Nilikucheka. Niliita maziwa yako oili. Nilimwagia mbwa. Nilipanguza baraka yako na tishu. Nilikuwa nalia na maneno yanatoka yamevunjika, na mama ameshtuka, anamuuliza Nailantei huyu anasema nini.

Nailantei akaongea na mama kwa Kimaasai, polepole, maneno mengi. Uso wa mama ukalegea. Akatabasamu. Akanipanguza machozi na shuka yake.

"Umemwambia nini?" nikauliza.

"Nimemwambia mama yako mzazi ni mgonjwa, na ukimwona yeye unamkumbuka."

"Nailantei, mwambie ukweli. Tafadhali."

Akainama karibu na sikio langu.

"Wewe umekuja kutua mzigo," akasema. "Ukitua hapa, ni mama atabeba. Ubebe mwenyewe."

Nikamwomba basi Ezra aifute tu kwa simu yake. Nailantei akaniuliza mama akitaka kuwaonyesha wageni kesho, ataambiwa imeenda wapi. Nikaacha kuomba.

Mama alikuwa amesimama. Nikamwona anaenda ile kona, anashusha kile kibuyu. Akatikisa. Safari hii alichukua kikombe kidogo, cha mtoto, akamimina nusu. Akanipa.

"Kidogo," akasema kwa Kiswahili chake. "Tumbo yako bado kujua."

Sikuelewa. Akamwambia Nailantei, na Nailantei alipotafsiri hakuniangalia. Siku ile ya kwanza Kamanda alikuwa ameingia ndani na mdomo mweupe. Mama aliona. Akasema msichana wa watu hajazoea maziwa yetu, na ana heshima, hakutaka kukataa. Akamkataza Nailantei asiniulize, nisije nikaona haya.

Alikuwa ameficha kosa langu ili mimi nisiaibike.

Nikashika kile kikombe na mikono miwili. Vidoa vyeusi vilikuwa vinaelea juu. Kamanda akatoka chini ya ukuta, akaja moja kwa moja mpaka miguuni mwangu, akaketi, akainua uso. Alinikumbuka vizuri sana.

Na mlangoni walikuwa wamesimama wale watoto watatu. Wanaangalia kikombe.

Nikamuuliza Nailantei kwa macho kama naweza kuwapa. Akatikisa kichwa. Maziwa ya mgeni hayarudishwi. Ilibidi ninywe mbele yao, na nimalize.

Nilikunywa. Ni makali kidogo, na ule moshi unakuja mwisho, unabaki kooni. Nilikunywa mpaka nikaona chini ya kikombe, na Kamanda hakupata hata tone.

"Sidai?" mama akaniuliza.

Nikasema sidai. Mara hii ilikuwa kweli, na ndiyo ilinitoa machozi tena. Mama akaona ni kumkumbuka mama yangu. Akanitemea baraka kwa paji la uso. Niliiacha ikakauka yenyewe kwa jua.

Nailantei alihama bedsita mwisho wa muhula. Tukikutana koleji tunasalimiana vizuri, na kila sikukuu ananiambia mama ananiulizia. Ukurasa wangu nao niliufunga. Siwezi tena kumpa mtu alama.

Hiyo ndiyo yangu. Wewe unayepanga kutembea wikendi hii, tembea, kula, furahia. Lakini ukikaribishwa kwa mtu ukapewa kikombe kimejaa, kabla hujatoa simu, angalia kwanza mlangoni uone ni nani hajakunywa.